Hujafaili ritani za Marekani miaka? Lete mkoba tuanze

Ramadhani ya 2025 ami yangu kateremka bandarini Malindi, hapa Unguja, na boti ya Pemba, mkononi ana mkoba wa ukili, mie nikajua halua. Kumbe bahasha peke yake. Bahasha za kodi za Marekani, nyingine hata hajazifungua, zinanuka karafuu mana alikuwa akizieka chini ya kitanda pamoja na magunia. Kafanya kazi ghalani Columbus, Ohio, toka 2018, karudi Wete katikati ya 2022 na grinikadi yake mfukoni, kile kibali cha kuishi kule daima, na miaka yote hiyo hajafaili hata mara moja, yani hajatuma ritani, ile ripoti ya mapato na kodi ya kila mwaka. Mtu kamwambia barazani akikanyaga uwanja wa ndege wa kule anakamatwa. Nikamwambia ami kaa kitako, tufuturu kwanza, hayo ya kukamatwa tutayaona baadae.

Mie si mhasibu, nilikaa kule miaka tisa na nilikuwa nafaili mwenyewe, basi. Lakini toka siku ile watu washaniletea masuali yale yale mpaka nimechoka kuyajibu kwa voisi, kwa hiyo nayaandika hapa mara moja. Hii ni kodi ya federali, yani ya serikali kuu ya Marekani, ile inayokusanywa na IRS, mamlaka yao ya kodi. Haina mahusiano na TRA wala ZRA, wakusanya kodi wa huku kwetu.

Suali la kwanza la kila mtu: mie nishaondoka, bado nadaiwa ritani? Ikiwa una paspoti ya Marekani au grinikadi, ndio, popote ulipo, hata uwe Micheweni, na wanataka mapato yako ya dunia nzima sio ya kule tu. Na grinikadi haifi kwa kodi eti kwa sababu umekaa nyumbani miaka mitatu au kadi imeisha tarehe. Kwa uhamiaji unaweza ukawa ushaipoteza, lakini kwa IRS unahesabiwa mpaka uirudishe rasmi kwa fomu ya I-407 au hakimu au uhamiaji wenyewe waamue. Watu wengi hapa hawalijui hili, wanaeka kadi kabatini wanasema yamekwisha.

Pili, si kila mwaka lazima ufaili. Kuna kiwango. Mtu asieoa chini ya miaka 65, kwa mwaka 2021 kilikuwa dola 12,550, mwaka 2022 dola 12,950, mwaka 2023 dola 13,850, mwaka 2024 dola 14,600. Mapato yako yote yakiwa chini ya hapo hulazimiki, japo kama walikukata mshahara unataka kufaili uzipate zako. Sasa hapa kuna mitego miwili inayowanasa watu wetu. Ukiwa na biashara yako mwenyewe, faida ikifika dola 400 tu kwa mwaka unatakiwa ufaili. Na ukiwa una mke au mume na unafaili peke yako, kiwango ni dola 5. Sijakosea, dola tano, haifiki hata nauli ya bodaboda ya kwenda Nungwi. Ami alikuwa anataka kuweka alama pale pa "single" kwa sababu mke yuko Wete hajawahi kukanyaga Marekani, nikamwambia ami wewe umeoa, umeoa kwa mashekhe na mashahidi, Marekani wanakuhesabu umeoa. Akafaili kama mtu alieoa anaefaili kivyake, na pale panapotakiwa namba ya soshal sekyuriti ya mke, ile ya hifadhi ya jamii ya kule, kwa kuwa hana na hana mapato ya kule, tukaandika NRA, yani mgeni asie mkaazi. Yamekwisha, mke hahitaji namba yoyote kwa njia hiyo.

Haya tuje kwenye kazi yenyewe, na hapa ndo nataka unisikilize. Usianze na fomu. Kila mtu anaanza na fomu, anaprinti 1040, ndo fomu yenyewe ya ritani, anakaa nayo mezani, anafika mstari wa kwanza wa mshahara, hajui mshahara, anakasirika anairudisha mkobani miaka mingine miwili. Anza na transkripti. Hii ni karatasi ya IRS wenyewe inayoonyesha waajiri wako wote walichowaripotia kuhusu wewe kwa mwaka fulani, W-2 zako za mshahara, 1099 zako za malipo mengine, riba ya benki, kila kitu, na inarudi nyuma mpaka miaka 10. Ni bure. Inaitwa transkripti ya mishahara na mapato, usichanganye na ile ya akaunti inayoonyesha madeni na malipo, zote mbili zichukue.

Unazipata vipi ukiwa Unguja? Njia ya haraka ni kufungua akaunti kwenye tovuti ya IRS, watakupeleka ID.me, tovuti ya kuhakiki watu, wathibitishe wewe ni wewe, unapiga picha paspoti au leseni halafu uso wako kwa simu. Fanya mchana kwenye mwanga na intaneti nzuri, ami tulijaribu usiku barazani kwa taa ya sola mashine ikamkataa mara tatu, asubuhi yake mara moja tu ikakubali. Ikishindikana kabisa kuna fomu ya 4506-T, unajaza unatuma, transkripti inakuja kwa posta, lakini inakuja kwenye anwani walonayo wao, kwa hiyo kama bado wanayo ile apatimenti uliyohama 2019, kwanza badilisha anwani kwa fomu ya 8822. Anwani ya Zanzibar wanaikubali, sanduku la posta na yote.

Nikwambie tulichokikuta. Ami alikuwa ana W-2 za miaka miwili tu ndani ya mkoba, moja panya kaila kona. Transkripti ikaonyesha zote, pamoja na kazi ya wiki sita ya kiwanda ambayo yeye mwenyewe alishaisahau. W-2 ni karatasi mwajiri anayotakiwa akupe kabla ya mwisho wa Januari, kisanduku namba 1 ni mshahara wako, namba 2 ni kodi ya federali walokukata. Hivyo viwili ndo roho ya mambo. Kama W-2 huna na unatuma ritani kwa karatasi, kuna fomu ya 4852 inayosimama badala yake, unajaza kwa namba za transkripti na unaeleza ulivyojaribu kuipata. Angalia tu, transkripti mara nyingi haikuonyeshi walichokata cha steti, yani jimbo, na Ohio ina kodi yake mbali, na miji ya kule pia inakata ya kwake. Alokaa Texas au Florida kapona, kule mshahara haukatwi kodi ya steti.

Sasa fomu. Kila mwaka una fomu yake na huwezi kufaili mwaka 2021 kwa fomu ya 2024. Najua zinafanana. Lakini viwango vya ndani vinabadilika, makato yale ya kawaida (kiasi cha mapato kisichotozwa kodi), majedwali, hata mistari inahama. Kwenye tovuti ya IRS kuna sehemu ya fomu za miaka ya nyuma, shusha 1040 ya mwaka ule ule na kitabu chake cha maelekezo cha mwaka ule ule. Kama unarudi mbali, ujue 1040A na ile 1040EZ ndogo zilikufa baada ya mwaka wa kodi 2017, toka 2018 ni 1040 tu, na toka 2019 wazee wa 65 na zaidi wana 1040-SR yenye maandishi makubwa.

Jina uandike kama lilivyo kwenye kadi ya soshal, sio kama tunavyokuita mtaani. Sie majina yetu matatu yanawapa tabu, jina la babu linageuzwa la ukoo, la baba linaachwa herufi moja, na mwengine kadi imeandikwa vingine na W-2 vingine. Ritani ikienda na jina lisilolingana na kadi inarudi au inakwama. Na tarehe wao wanaanza mwezi, 04/15 ni tarehe 15 Aprili.

Mfano wa mwaka 2021 wa ami, uone hesabu ilivyo nyepesi. Mshahara dola 24,300, ondoa makato ya kawaida 12,550, inabaki 11,750 ndo inayotozwa. Kwenye jedwali la mwaka ule inatoka kodi dola 1,214. Walishamkata 1,640. Kwa hiyo wao ndo wanamdai? La, yeye ndo anawadai, dola 426. Halafu kuna zile pesa za korona, malipo ya tatu ya dola 1,400, yeye hakuyapata kwa sababu hakuwa kafaili kwa hiyo hawakuwa na pa kumtumia, tukayadai mstari wa 30 wa fomu ya 2021. Jumla dola 1,826. Mzee alonyamaza miaka akiogopa kukamatwa, kumbe ana pesa zake kule. Alipoiona ile namba kavua miwani akaifuta, akaivaa tena.

Ila sikiliza na la pili, mana hakufurahi muda mrefu. Pesa za kurudishiwa zina saa. Una miaka 3 toka siku ya mwisho ya kufaili ya mwaka ule, ikipita, pesa inakuwa ya serikali yao moja kwa moja, huna pa kulalamika. Za 2018, 2019 na 2020 zilikuwa zishakwenda, na kwa hesabu yangu pale kwenye transkripti ilikuwa kiasi cha kununulia boti na mashine yake. Ya 2021 ilikuwa imebakisha wiki chache mpaka katikati ya Aprili. Ndo mana nasema ukiwa na miaka mingi anza na ule unaokaribia kufa, usianze na wa zamani zaidi eti kwa mpangilio.

Na kama unadaiwa kweli? Hapo saa inakwenda upande wa pili. Kuchelewa kufaili ni asilimia 5 ya deni kwa kila mwezi, inasimama ikifika asilimia 25. Kuchelewa kulipa ni nusu asilimia kwa mwezi, nayo mpaka 25, na miezi inayogongana ile ya kufaili inapunguzwa kwa hiyo nusu. Na riba juu yake. Kwa hiyo penalti ya kutofaili ni mara kumi ya ile ya kutolipa, unaona wapi mantiki inakwenda, faili hata kama huna senti, halafu omba kulipa kidogo kidogo kwa fomu ya 9465. Kama miaka mitatu ya kabla yake rekodi yako ilikuwa safi unaweza kuomba wakusamehe penalti kwa mara ya kwanza, wengi hawaombi. Na kama hudaiwi kitu, penalti ya asilimia ya sifuri ni sifuri, ami miaka yake yote ya kazi kule walikuwa wamemkata zaidi kwa hiyo kwa miaka hiyo hakuna hata senti ya adhabu. Hiyo habari ya kukamatwa uwanjani aloambiwa barazani ilikuwa maneno ya barazani. Kinachoweza kuguswa ni paspoti ya Marekani kwa raia mwenye deni kubwa sana, kiwango kilikuwa dola 50,000 na kila mwaka kinapandishwa kidogo.

Urudi nyuma miaka mingapi? Kisheria mwaka usiofailiwa haufungwi milele. Kwa desturi ya IRS wanaridhika na miaka 6 ya mwisho. Na kwa waliokaa huku muda mrefu, hawakufaili kwa kutojua wala si kwa kuficha, kuna mlango mwepesi: ritani za miaka 3 na ripoti za akaunti za benki za miaka 6, bila penalti. Sharti moja kubwa ni kuwa katika mojawapo ya miaka hiyo mitatu ulikuwa nje ya Marekani siku 330 kamili na huna makazi kule. Unajaza fomu ya 14653 unaeleza kwa maneno yako kwa nini hukufaili, na juu ya ukurasa wa kwanza wa kila ritani unaandika kwa wino mwekundu "Streamlined Foreign Offshore". Wino mwekundu kweli, si utani, nunua kalamu Darajani.

Ripoti za akaunti ndo ile FBAR. Kama akaunti zako zote za nje ya Marekani zikijumlishwa zilipita dola 10,000 hata kwa siku moja ndani ya mwaka, unatakiwa uripoti, sio kulipa, kuripoti tu, kwa mtandao, na haiendi IRS inakwenda FinCEN, idara yao ya kupambana na uhalifu wa fedha. Kwa dola ya shilingi 2,500 hiyo ni milioni 25. Utasema mie sina milioni 25. Lakini kuna dada mmoja hapa mtaani ana grinikadi na ni mshika fedha wa kikundi cha kinamama, saini yake iko benki kwenye akaunti ya kikundi, pesa si zake hata shilingi, na akaunti ile inahesabika kwake kwa sababu ana mamlaka ya kutia saini. Alishika kichwa. Anza kujiuliza na wewe saini yako iko wapi.

Mapato ya huku je? Mshahara au kazi yako ya huku unaweza kuiondoa kwa fomu ya 2555, kiwango cha mwaka 2024 kilikuwa dola 126,500, nani hapa anafika. Unathibitisha kwa siku 330 nje ya Marekani ndani ya miezi 12 mfululizo, kwa hiyo tunza paspoti yenye mihuri na tiketi. Ila haijiondoi yenyewe, lazima ufaili ndo uiombe. Na kwa mwenye biashara, duka, nyumba ya wageni Jambiani anayoiendesha mwenyewe na chai na usafi, au kama ami anaelima karafuu na kuliuzia Shirika la Biashara la Zanzibar, ZSTC, ile fomu inaondoa kodi ya mapato lakini haiondoi kodi ya kujiajiri, ile ya hifadhi ya jamii yao, asilimia 15.3 inayopigwa kwenye asilimia 92.35 ya faida inabaki pale pale, mana Marekani na Tanzania hazina mkataba wa hifadhi ya jamii wala wa kodi ya mapato. Hili linauma na halina ujanja. Kinachosaidia ni stakabadhi, ZSTC wanakupa risiti, za wachumaji, za majamvi na za usafiri uzitunze mwenyewe, kodi ni ya faida si ya mauzo. Ulicholipa TRA kwa mapato mengine yasiyoingia 2555, kama ya nyumba uliyopangisha, unakidai kwa fomu ya 1116.

Kutuma. Kwa mtandao wanapokea mwaka wa sasa na miwili nyuma yake tu, ya zamani zaidi ni karatasi. Ami ya 2022 na 2023 zilikwenda kwa mtandao pamoja na ya 2024, ya 2021 tukaprinti. Kila mwaka bahasha yake, saini ya wino kila moja, W-2 umebana mbele. Wanaokaa nje wanaotuma ritani bila malipo ndani wanatuma Austin, Texas, lakini ukitumia DHL anwani inakuwa nyengine, ya mtaa, iko kwenye tovuti ya IRS, usiandike ile ya posta mzigo utarudi. Eka kopi ya kila kitu. Risiti ya DHL tuliibana kwenye jalada la kopi, ndo ushahidi kwamba ilitoka kabla ya tarehe.

Nusura tupotee hapa katikati, mana kabla ya kuja kwangu ami alishampa mtu laki tatu amfailie, na yule bwana kamuandikia watoto watatu ami asiokuwa nao ili pesa iwe nyingi, na mwenyewe hakutia saini. Bahati haikuwa imetumwa. Anaekuandalia ritani kwa malipo lazima awe na namba ya PTIN, ile IRS wanayowapa waandaaji, na atie saini yake, akikwambia tia wewe tu, mie jina langu lisionekane, chukua bahasha zako uondoke. Na kama ishatumwa na ina makosa, unairekebisha kwa 1040-X.

Kuhusu pesa zinavyokuja, ya ami ilikuja kwa cheki, miezi mitano, kwenye anwani ya binti yake Columbus. Toka 30 Septemba 2025 IRS wameanza kuachana na cheki za karatasi, kwa hiyo kama bado una akaunti ya benki kule usiifunge mpaka umalize.

Simu ya walio nje ni 267-941-1000, Jumatatu mpaka Ijumaa, na si ya bure. Wanafungua saa 12 asubuhi ya kwao, huku ni saa 7 mchana, wao wakiwa kwenye saa za baridi ni saa 8. Mie hupiga dakika ile ile wanapofungua, spika juu ya meza, namba ya soshal na ritani ya mwisho ziko mbele, muziki unapiga huku mwenyewe napepeta mchele. Mara ya mwisho tulisubiri dakika 50, yule mama akapokea, kaanza kuuliza maswali ya kuthibitisha, na ami badala ya kujibu tarehe ya kuzaliwa kamuuliza na zile za 2019 kweli hazirudi.